Sura ya Sita: Mji wa Joto Haupimwi Mwezi wa Saba

Katika Nyanda za Juu Kusini, uamuzi wa kuhama huzaliwa mwezi wa sita. Ndipo bustani za viazi za Makete huamka zimeungua kwa sakitu, ukungu unakataa kuondoka Njombe mjini, na mtu aliyestaafu mwaka jana anagundua kuwa miaka yote ile kilichomtoa kitandani alfajiri kilikuwa kazi tu. Sasa kazi haipo. Anashinda jikoni amejifunika blanketi, magoti yanagoma, na presha iliyotulia tangu Pasaka imepanda tena. "Mama, mwakani tusiwe hapa," anamwambia mkewe. Mwezi wa saba wanapanda basi kwenda Tanga kumsalimia binti yao. Huko wanakuta upepo mwanana, jua lisiloumiza na usiku wa kujifunika shuka moja. Wiki ya pili mzee ameshaonyeshwa kiwanja. Wiki ya tatu ameshatoa malipo ya awali.

Sura hii nimeiandika kwa ajili yake, na ningependa aisome kabla ya hiyo wiki ya pili.

Wastaafu wengi wa kwetu wameshuka kwa njia hiyo. Wapo waliotulia, wakapata marafiki, wakasahau kabisa sweta. Wapo pia waliorudi juu baada ya mwaka au miwili, nyumba imeuzwa kwa bei ya kutupa na kiinua mgongo kimekatika. Nikiwasikiliza wa makundi yote mawili, naona kilichowatofautisha hakikuwa sana fedha. Kilikuwa mwezi waliouona mji wao mpya kwa mara ya kwanza.

Mwezi unaokufukuza nyanda za juu ndio mwezi ambao pwani iko katika hali yake nzuri kuliko wakati wowote wa mwaka. Juni, Julai na Agosti kusi linavuma kutoka kusini-mashariki, masika yamekwisha, na usiku Dar es Salaam au Tanga joto hushuka hadi karibu nyuzi 19 au 20. Ukirudi mtaa ule ule Februari, mchana unafika nyuzi 32 na usiku haushuki chini ya 24. Hizo nyuzi za ziada za usiku ndizo zinazorudisha watu Njombe. Mwili wa mtu mzima hupumzika usiku; ukinyimwa ubaridi wa kulala kwa miezi mitatu mfululizo, huchoka uchovu ambao chai ya asubuhi haiutibu.

Basi tuanze na jambo ambalo halibadiliki na wala halihitaji mtaalamu, nalo ni kimo. Kwa kila mita 1,000 unazoshuka, joto huongezeka kama nyuzi 6 hivi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Mbeya karibu 1,700, Iringa zaidi kidogo ya 1,500. Dodoma na Mwanza ziko mita 1,100 na ushee. Moshi iko chini ya 1,000, Morogoro kwenye 500, na Tanga miguu yake iko baharini. Chukua karatasi, toa kimo cha unakokwenda kwenye kimo cha unakotoka, na utapata makadirio yanayokaribia ukweli kuliko maelezo ya dalali yeyote. Kutoka Njombe kwenda Morogoro unaongeza nyuzi 8 au 9 kwa wastani wa mwaka. Kutoka Njombe kwenda Dodoma ni kama 5.

Anayetaka kuihisi hesabu hii mwilini aende Lushoto, kisha ashuke kwa basi hadi Mombo. Barabara haifiki kilomita 40, inajipinda kando ya korongo, na unashuka karibu mita 1,000 kabla hujamaliza kula mahindi yako ya kuchoma. Abiria wa Lushoto wanaijua. Wamepanda na makoti. Nusu ya njia koti liko mapajani. Mombo stendi kila mtu anatafuta maji baridi. Arusha na Moshi nazo zinaonyesha jambo hilo hilo kwa upole zaidi: miji iliyotenganishwa na kilomita 80 tu, chini ya milima miwili inayotazamana, lakini Arusha iko karibu mita 1,400 na Moshi karibu mita 500 chini yake. Watu wa Arusha huvaa majaketi Julai, wakati ndugu zao wa Moshi wanavaa mashati.

Kimo, hata hivyo, kinakupa wastani tu, na wastani huficha mambo mawili: unyevu wa hewa, na tofauti ya mchana na usiku.

Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka. Pale ambapo hewa imekwisha kushiba maji, kama Dar es Salaam alfajiri ya Machi kabla masika hayajaanza kumwaga, jasho linatoka, linakaa juu ya ngozi, linalowesha shuka, na halikupunguzii joto. Ndilo fukuto. Nyuzi 31 za Dodoma mwezi wa kumi, ambapo mchana unyevu wa hewa uko chini ya nusu, na nyuzi 31 za Tanga mwezi wa pili zinaandikwa sawa kwenye taarifa ya habari, lakini mtu wa miaka 65 hazibebi sawa. Dodoma atalalamika midomo kukauka, vumbi na upepo, kisha atalala vizuri, maana ardhi kavu na anga wazi huachia joto haraka usiku. Julai Dodoma huweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14, na waliokimbia baridi hushangaa kujikuta wakitafuta tena blanketi. Kwa mtu wa Njombe hiyo ni baridi ya kuchekea.

Ndiyo maana napenda kumwambia anayetafuta mji: usiulize joto la mchana. Uliza joto la saa tisa usiku katika mwezi mbaya kuliko yote. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina vituo vya kupima katika mingi ya miji hii, na wastani wa joto la juu na la chini kwa kila mwezi unapatikana kwa kuuliza. Omba safu ya joto la chini. Itazame Januari, Februari na Machi kama unakwenda pwani, Oktoba na Novemba kama unakwenda kanda ya kati. Halafu nenda ukailale.

Kuilala ndiko kunakomaliza ubishi. Nenda Februari, panga chumba kwenye nyumba ya wageni ya kawaida, isiyo na kiyoyozi, katika mtaa ule ule uliokuvutia Julai. Kaa wiki mbili, maana wiki ya kwanza mwili wowote kutoka baridini hulalamika. Unahitaji siku kumi hadi kumi na nne kuanza kuzoea, na mwili wa mzee huchukua zaidi. Usiku mmoja zima feni saa tisa, kama umeme utakavyoizima siku moja bila kukuuliza. Lala kimya usikilize. Kama hewa inapita dirishani, utaisikia kwenye chandarua kabla hujaisikia kwenye ngozi. Kama chandarua kimening'inia wima kama ukuta, chumba hicho hakina upepo, na kununua nyumba ya jirani yake ni kununua usiku huo huo kwa miaka ishirini.

Na hapo niseme kuhusu nyumba, kwa sababu katika mji wa joto nyumba ni nusu ya hali ya hewa. Wajenzi wa zamani wa Unguja, Lamu na Tanga walijua: kuta nene za mawe na chokaa, dari za juu, madirisha yanayokabiliana, baraza la nje la kukalia jioni, ua wa ndani unaovuta hewa. Tumeviacha hivyo na kujenga nyumba moja ya aina moja kutoka Makambako hadi Mtwara, yenye bati la rangi ya giza, dari ya jipsamu iliyo chini, na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Hayo madirisha yatazame vizuri. Dirisha la kusukuma likifunguliwa lote linaacha wazi nusu tu ya nafasi yake; nusu nyingine daima ni kioo. Njombe hiyo ni faida. Tanga umelipia dirisha zima ukapata nusu ya upepo.

Ukikagua nyumba ya kununua au kupanga pwani, nenda saa tisa alasiri, uingie chumba utakacholala, uweke kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa jua tangu saa saba utakuwa wa moto, na huo moto utautoa polepole kuelekea kitandani kwako mpaka saa sita usiku. Chumba cha kulala kisiwe upande huo, au basi kiwe na mti. Mwembe au mwarobaini uliokomaa upande wa magharibi una thamani ambayo muuzaji hajui kuidai. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili au Mei. Nyumba ambayo madirisha yake yanapokea upepo wa pande hizo mbili itakuokoa kwenye umeme. Feni ya dari hula wati 60 au 70. Kiyoyozi kidogo hula zaidi ya mara kumi ya hapo, na pensheni ya mwalimu haikupangwa kwa kuzingatia LUKU ya kiyoyozi.

Kabla sijafika kwenye ugonjwa mkubwa, niguse kwanza yale yanayowahamisha watu. Wengi husema ni viungo. Tafiti kuhusu hali ya hewa na maumivu ya viungo hazijakubaliana, lakini mtu anayeamka bila ganzi ya vidole hahitaji utafiti, nami simbishii. Kuhusu presha hakuna ubishi mkubwa: baridi hubana mishipa, na vipimo vya presha hupanda majira ya baridi. Sababu nyingine huzungumzwa kidogo mno. Majirani zetu wanakufa kwa jiko la mkaa. Mtu anawasha jiko nje, moshi ukiisha analiingiza chumbani, anafunga madirisha, analala na wajukuu. Mkaa usiotoa moshi unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na asubuhi mlango unavunjwa. Kama unakoishi huwezi kulala bila jiko chumbani, una sababu ya kutosha ya kuhama, na huhitaji kuwaeleza watoto wako zaidi ya hapo.

Sasa malaria. Hapa nawaomba wasomaji wa nyanda za juu wasome polepole.

Kimelea cha malaria kinapoingia ndani ya mbu hakiambukizi papo hapo. Lazima kikue kwanza, na ukuaji wake unategemea joto. Kwenye nyuzi 25 kinahitaji kama siku 12. Kwenye nyuzi 20 kinahitaji karibu wiki nne, na mbu wengi hawaishi wiki nne. Chini ya nyuzi 16 hadi 18 hakikui kabisa. Kwa hiyo baridi iliyokutesa maisha yako yote ndiyo iliyokulinda, na unaposhuka unaiacha nyuma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano yakiwa karibu asilimia 8 kwa nchi nzima, lakini Tabora yakizidi asilimia 20, wakati Arusha na Kilimanjaro yakiwa chini ya asilimia 1. Mtu aliyekulia Tabora au Kigoma ameumwa mara nyingi utotoni, na mwili wake umejenga kinga fulani inayompunguzia makali. Wewe wa Makete huna. Kwa malaria, mzee wa miaka 62 kutoka nyanda za juu yuko karibu na hali ya mtoto mdogo.

Hili halimaanishi usishuke. Linamaanisha chandarua chenye dawa kila usiku tangu usiku wa kwanza, nyavu madirishani, na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo. Kule juu tulizoea homa kuwa mafua. Tulikunywa tangawizi tukalala. Tabia hiyo ishuke nawe kama ulivyoshuka na sweta, yaani ifungiwe sandukuni. Dar es Salaam na Tanga ongeza homa ya dengue, iliyolipuka mwaka 2019, na mbu wake huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Maji yaliyotuama kwenye ndoo, matairi na vyungu vya maua yamwagwe.

Familia zenye mtoto au mjukuu mwenye ugonjwa wa selimundu ziko kwenye njia panda ngumu zaidi, na nimezungumza na wazazi ambao hakuna aliyewaeleza pande zote mbili. Baridi huweza kuamsha maumivu makali, hivyo ushauri wa kuhamia kwenye joto una msingi. Lakini malaria ni hatari mno kwao, na kukosa maji mwilini kwenye joto kali nako huamsha maumivu yale yale. Kwao ningetafuta mji wa joto la wastani wenye malaria kidogo na hospitali kubwa karibu, na nisingefikiria kingine chochote kabla ya hayo matatu. Moshi ina hospitali ya rufaa ya KCMC tangu 1971, ina joto, na mkoa wake uko miongoni mwa yenye malaria ndogo kabisa nchini, ingawa karibu na mashamba ya mpunga yaliyo chini ya mji mbu wapo wa kutosha.

Dawa nazo huhama pamoja nawe na hubadilika tabia. Anayetumia dawa za presha za kukojosha, akishuka kwenye fukuto akatoka jasho kutwa, anapoteza maji kwa njia mbili. Kizunguzungu cha kuamka kitandani kinaweza kuwa ni hicho. Na kiu ya mzee huchelewa: mwili unahitaji maji kabla koo halijasema. Mwone daktari kabla ya kuhama na tena mwezi mmoja baada ya kuhama, na umwambie wazi kuwa umehama kutoka baridini. Anayetumia insulini ajue kuwa isiyofunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na iliyofunguliwa huvumilia joto la chumba, lisilozidi nyuzi 25 au 30 kutegemea aina, kwa kama wiki nne. Chumba cha Njombe kilikuwa salama bila wewe kufikiri. Chumba cha Tanga mwezi wa pili hakiko salama. Asiye na jokofu la kutegemewa anaweza kutumia mtungi wa udongo wenye unyevu, unaopoza kwa maji kukauka kwenye ukuta wake kama jasho linavyokauka kwenye ngozi. Na kwa sababu hiyo hiyo mtungi hufanya kazi vizuri zaidi Dodoma kuliko pwani.

Kigoma na Mwanza nitazipitia haraka. Maziwa yanatuliza joto, mchana hauzidi sana nyuzi 28 au 29, usiku unalalika, samaki wapo. Mwanza ina hospitali ya Bugando. Lakini kwa mtu asiye na kinga ya malaria, kando ya ziwa si mahali pa kuanzia uzee, na Kigoma iko mbali mno na Njombe pale simu ya msiba inapolia usiku.

Msiba wenyewe unastahili kupangwa. Watu huchagua mji kwa kutazama bei ya kiwanja, wakasahau kuwa uzeeni unahamia kwa watu. Kabla hujalipa chochote, fika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, jitambulishe, uliza vikundi vya kufa na kuzikana viko vingapi na vinapokea wageni kwa masharti gani. Jibu utakalopata, na namna utakavyojibiwa, litakueleza mtaa huo zaidi ya ramani. Uliza kanisa au msikiti wako uko wapi na kama unafikika kwa miguu kabla jua halijawa kali. Tafuta kama kuna watu wa kwenu. Wabena na Wakinga wamesambaa nchi nzima kwa biashara; ukisikia salamu ya "kamwene" sokoni mara ya kwanza ukiwa na miaka 63 katika mji wa ugenini, utaelewa kwa nini nimelitaja hili.

Kiwanja kisimame mwisho wa orodha ya mambo yako, na kiwe kimepimwa, chenye hati ambayo ofisi ya ardhi imethibitisha kwa maandishi. Katika miji ya joto yenye mvua nzito, ongeza jambo moja: tafuta alama ya maji. Tembea mtaani ukitazama kuta za nyumba za chini. Mafuriko huacha mstari wa tope wenye rangi ya kahawia, na hata ukuta ukipakwa rangi upya mstari huo hujitokeza tena kama unyevu unaobabua rangi kwa urefu mmoja, nyumba hadi nyumba. Waliokuwa bonde la Jangwani, Dar es Salaam, Desemba 2011, wengine walihamishiwa Mabwepande baada ya maji kuwafagia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Muulize mama anayeuza maandazi kona ile ile kwa miaka mingi, "Mama, maji ya masika hufika wapi?" Ataonyesha kwa mkono, na hana cha kupata kwa kukudanganya.

Ukinilazimisha nitaje mji mmoja kwa mume na mke wa kawaida kutoka Njombe au Mufindi, wenye presha na pensheni moja, nitasema Morogoro. Februari yake ni ya moto, haina ubishi, lakini usiku hushuka hadi nyuzi 21 au 22, na mitaa iliyo karibu na mlima, kama Bigwa na Kilakala, hupata hewa inayoteremka kutoka Uluguru jioni, tofauti na nyumba za tambarare ya Kihonda. Mboga za Mgeta zinashuka kila siku, kwa hiyo kabichi na viazi mviringo vya kwenu hutavikosa. Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria katikati ya 2024, imeisogeza Dar es Salaam na hospitali ya Muhimbili karibu kuliko ilivyowahi kuwa. Malaria ipo, chandarua kinahusika. Anayebanwa kifua na fukuto aende Dodoma, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo, avumilie vumbi. Dar es Salaam kwa mstaafu aliyezoea ukimya wa misindano sipendekezi kabisa, labda awe na mtoto anayekaa naye nyumba moja.

Lakini kuna njia ambayo naipenda kuliko zote, na wachache huifikiria kwa sababu haina kiwanja cha kuonyesha watu. Kama Julai ndiyo inayokuumiza juu, na Julai ndiyo inayopendeza pwani, shuka Julai tu. Usiuze nyumba. Mashamba ya parachichi na misindano yabaki na mtoto au jirani wa kuaminika. Mwishoni mwa Mei, panga vyumba viwili Tanga, Bagamoyo au Pangani kwa miezi mitatu, ukae na kusi, uwaone wajukuu, kisha Septemba urudi juu jua likiwa limeshapasha mashamba, kabla ya mvua za kupandia. Pwani haitakuonyesha Februari yake, wala Makete haitakuonyesha Julai yake. Kodi ya miezi mitatu kwa mwaka, hata ukiilipa miaka mingi, ni ndogo kuliko gharama ya kujenga nyumba mpya, na kiinua mgongo kinabaki benki kwa ajili ya hospitali.

Ukiamua hivyo, mambo ya kufanya ni machache na yaanze Aprili. Zungumza na mwenye nyumba mapema, maana Juni shule zikifunga watu wengi hushuka. Chukua dawa za miezi mitatu au hamisha kliniki kwa barua. Nunua chandarua kipya. Mwachie jirani namba ya LUKU ya nyumba ya juu na ufunguo mmoja, na umwombe awe anafungua madirisha mara moja kwa wiki ili ukungu usioteshe kuvu ukutani. Na mama akiuliza tutarudi lini, mtajie tarehe.